Jiwe la Kaburi la Kelestini

Kelestini alikuwa mwashi wa misheni. Padri mmoja Mswisi aliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa na kipande cha jiwe alichokinunua Misri, meli yake iliposimama huko ikija Afrika Mashariki. Jiwe hilo lilichongwa mtu ameketi, ameshika ua; kichwa hakipo. Padri aliporudi kwao uzeeni, alimwachia Kelestini jiwe lile. Kelestini naye alipofariki, mkewe Agnella akalisimamisha kaburini kwake, kijijini Mofu.

Mwaka 1997, kabla ya mvua kubwa, Mswisi aitwaye Regula alifika kwa Agnella. Alikuwa mtoto wa kaka yake padri, na Kiswahili alikijua tangu alipokuwa muuguzi Ifakara.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Karibu.”

Regula alieleza kwamba kichwa cha yule mtu kiko makumbusho, Cairo. Wauzaji walikata ukuta vipande vipande ili kila kimoja kipate mnunuzi wake. Alitaka kulirudisha jiwe.

“Ukuta wa nyumba gani?” Agnella aliuliza.

“Wa kaburi lake, mama.”

Raimundi, mdogo wake Kelestini, aliweka kikombe chini. “Kaburi la kaka yangu haliguswi. Padri alinunua, akampa. Basi.”

“Mkikataa nitaondoka,” Regula alisema.

Agnella alimgeukia Regula. “Huyo mtu alikuwa na mke?”

“Alichongwa pembeni yake. Kipande chake hakijulikani kiliko.”

“Basi mchukue.”

“Shemeji, wewe utabaki na nini?” Raimundi aliuliza.

“Nitabaki na kaburi. Huyu wamemvunjia lake.”

Raimundi akainuka, akaenda zake. Agnella na Regula walichimba wenyewe, wakapokezana jembe, kwa maana udongo ulikuwa mkavu. Jiwe lilipong’oka Agnella alilifuta mchanga, akalifunga kwa khanga yake. Alilia gari lilipokwisha kuondoka.

Baadaye habari zilifika kupitia parokia kwamba jiwe limepokewa Cairo. Raimundi hakuuliza chochote. Alikuwa akipita mbele ya nyumba bila salamu.

Mvua zilipoanza, kaburi lilititia upande mmoja. Agnella alikwenda kulijazia udongo, akamkuta Raimundi amepiga magoti, anamwaga zege kwenye fremu ya msalaba. Alikuwa ameloa.

“Nishikie huu ubao, shemeji,” alisema.

Agnella akaushika. Raimundi aliandika jina la kaka yake kwa msumari, polepole, kabla zege halijakauka.