Chiriku na Papa wa Kilindini

Karakana ya makumbusho ilikuwa na friza moja, na friza moja haiwatoshi mafundi wawili wa kukausha wanyama wa maonyesho. Fundi Ndege, mzee wa hapo, alikuwa na chiriku wake kwenye kiboksi, gramu kumi na mbili jumla. Fundi Samaki, binti aliyeajiriwa juzijuzi, akaletewa papa wa kilindini, mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Wanyama hao wangewekwa kabati moja, watu walinganishe: huyu chiriku moyo unamkimbia hata akilala, na miaka yake inahesabika kwa vidole; yule anaishi gizani bila haraka, akazeeka kuliko babu yako. Huyu anaimba kutwa, yule hana hata sauti.

Basi, ili papa aenee frizani, binti akatoa kiboksi, akakiweka dirishani kwa dakika mbili tu. Dakika mbili gani? Ijumaa hiyo! Jumatatu chiriku ananuka, manyoya yanamtoka ukimgusa.

Mkuu wa makumbusho akamgeukia mzee kumlaumu. Na mzee wa watu, badala ya kukataa, akainamisha kichwa. "Nitakuwa nimemtoa mwenyewe nikasahau. Marehemu mama naye akili zilianza kumtoka hivihivi."

Binti alikuwa palepale, anasugua kisu kisafi. Akajikausha. Siku nne alijikausha, roho inamsuta, huku mzee akiandika kila kitu kwenye daftari, hata mahali alipoweka miwani.

Ijumaa akamkuta mzee anaandika barua ya kuacha kazi. La kuvunda halina ubani.

"Baba, ni mimi. Nilimtoa ili papa aingie, nikamsahau. Mkuu nimeshamwambia."

Alingoja atukanwe. Mzee akakaa kitini taratibu.

"Kwa hiyo mimi sikusahau?"

"Hukusahau kitu, baba."

Mzee akacheka mpaka machozi, akampigia simu mkewe. "Mama watoto, akili zangu zipo. Waambie wanao waache kulia." Binti naye akacheka kidogo, mjinga yule, akidhani yameisha.

Mzee akaweka simu mezani, akafuta macho kwa kiganja.

"Siku nne zote hizi, mwanangu," akasema polepole, "ulikuwa unaniona?"

Aibu ikamjaa binti. Angeweza kusema hakugundua.

"Nilikuwa nakuona, baba."