Sauti ya Oleta Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Uvumi ulinikuta dukani siku ya Jumatatu: gari la binti yangu Oleta limetumbukia mtoni, na yeye yu mahututi. Nikarudi nao nyumbani, ukanizunguka kichwani kama inzi. Naandika haya kwa ajili yenu wenye watoto wanaoimba redioni.

Oleta alianza kuimba kanisani kwetu hapa bondeni akiwa na miaka saba. Alipofika kumi na tisa, kampuni moja ya unga ikampa kipindi cha robo saa redioni kila asubuhi, saa kumi na mbili. Kwa miaka kumi na moja milima hii yote ya Kentucky iliamka na gitaa lake. Jioni aliimba kwenye shule za vijijini, gari limejaa matope, zeze kubwa limefungwa juu ya paa. Kila akimaliza kipindi alisema, "Mama, kunywa dawa yako." Milima mizima ilijua nina moyo mbovu.

Hassie, mwenye duka, ndiye aliyenipa habari. "Mama Oleta, hospitali wamepiga simu. Wanataka uende leo hii!"

"Nimemsikia asubuhi akiimba. Mahututi anapiga gitaa?"

"Ile ni santuri, dada. Wakisafiri mbali wanarekodi mapema."

"Santuri ni wewe, kutwa unarudia wimbo mmoja."

Wanaume waliokuwa wakiota moto wakacheka. Nami nikacheka.

Lakini Oleta aliwahi kuniambia. Ilikuwa Krismasi, anakula mkate wa mahindi na maziwa ya mtindi: stesheni inamrekodi vipindi vya wiki nzima kwa siku moja, na haruhusiwi kuwaambia wasikilizaji. Kwa hiyo nilijua.

Jumanne akasema redioni, "Theluji inaanguka, wapenzi, jifunikeni." Nikatazama dirishani. Jua tupu, theluji ilishayeyuka tangu wiki iliyopita. Nikajiambia kule stesheni, ng'ambo ya mlima, kuna baridi zaidi. Hassie akatuma ujumbe tena. Sikwenda. Niliona nikipanda basi nitakuwa nimekubali.

Alhamisi akaja Dewey, mpiga fidla wake aliyekuwa naye garini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alivua kofia akiwa bado getini.

"Lini?" nikamuuliza.

"Jana alasiri, mama. Tangu Jumamosi alikuwa anauliza, 'Mama yuko njiani?' Nikawa namwambia ndiyo, yuko njiani."

Tukamleta nyumbani. Ijumaa asubuhi, jeneza liko sebuleni, jirani mmoja akawasha redio apate hali ya hewa ya siku ya maziko. Oleta akaimba beti tatu. Akaniambia ninywe dawa. Redio na jeneza vilitengana hatua mbili tu, na hakuna aliyethubutu kuizima. Nikainuka nikanywa. Jumamosi akaimba tena, maana santuri zilikuwa bado hazijaisha.

Basi, epukeni haya:

Kuamini redio kuliko mtu aliyekujia na habari.

Kumcheka mleta habari mbele za watu.

Kungoja ujumbe wa pili.

Kujipa sababu anga inapokataa kufanana na maneno ya redioni.

Kumwachia mwenzake wa mgonjwa kazi ya kumwambia kuwa uko njiani.