Mikono ya Hilda

Pale kijijini Mlali hakuna aliyekuwa na mdomo kama Loisi, na kwa miaka miwili mdomo huo ulikuwa na kazi moja: kumsifia mke wa mwanawe. Ajabu kweli, maana Hilda alipoolewa kutoka Kikuyu, mjini Dodoma, Loisi alimsema mpaka majirani wakamwonea huruma binti wa watu. Mikono laini namna ile! Kuepua kisufuria cha chai tu mpaka atafute vitambaa viwili! Mwanangu Gerson ameniletea pambo, akasema, siyo mkwe.

Halafu mikono ikabadilika. Siku ya kipaimara, akina mama wakihangaika kutafuta matambara, Hilda alilishika sufuria la maharage kwa mikono mitupu, akaliepua, akaliweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Loisi akapiga kigelegele palepale. "Mmeona? Sasa huyu ndiye mkwe wangu! Huyu ni wa Mlali!" Tangu hapo, kila msiba na kila harusi ikawa ni mwiteni Hilda. Baka jeupe lililotokea mkononi mwake Loisi aliliona, akasema ni fangasi, litapona lenyewe.

Jumanne moja walikuwa jikoni wakipika. Hilda alikuwa akisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula kitabu cha nyimbo za kanisani, huku akicheka, mkono mmoja ameuegemeza karibu na mafiga. Loisi akasikia harufu ya nyama. Nyama gani tena, na leo ni mlenda? Akageuka. Kidole cha mwisho cha Hilda kilikuwa kimelala juu ya kaa la moto, na Hilda bado anacheka.

Loisi alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

Kwenye zahanati, tabibu Ernest alimwambia Hilda afumbe macho, na kila akiguswa aonyeshe ni wapi. Akamgusa kiganja kwa ncha ya kalamu. Akamgusa vidole. Akabonyeza, Loisi akaona ngozi ikididimia. Hilda alikaa ametulia na macho yake yamefumbwa.

"Mimi niko tayari, daktari," akasema kwa upole. "Anza tu."

Loisi akajiziba mdomo kwa khanga.

Ulikuwa ukoma. Tabibu alieleza polepole, akimtazama zaidi yule mama. "Ukigusa moto, mama, mkono wako unaruka kabla hujajua umeungua. Taarifa inapita kwenye mshipa wa fahamu hadi uti wa mgongo, na amri ya kujiondoa inarudi hapohapo. Kichwa kinakuja kupata habari baadaye. Kwa Hilda mishipa imeharibika, taarifa haitoki mkononi. Hakuna wa kuuambia mkono ukimbie."

"Atapona?"

"Dawa zipo, ni za bure, na ugonjwa utakwisha. Lakini hisia..." Akafunga kalamu yake. "Mngekuja mapema. Kuanzia leo asishike cha moto, la sivyo atapoteza vidole."

Walipofika uani Loisi akauliza, "Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua siku nyingi kwamba sisikii moto."

"Mbona hukusema?"

Hilda alitazama chini. "Mama, tangu niingie nyumba hii hukuwahi kunisifia kitu kingine."

Loisi akakaa kwenye kigoda na khanga yake ya kutokea. Hilda, kwa mazoea, akawasha moto, akabandika maji ya uji. Yalipochemka akainama, akanyoosha mikono yake yote miwili kwenye sufuria.

Loisi hakujua aliinuka saa ngapi. Alichojua ni kwamba amemsukuma mkwewe pembeni na sufuria liko mikononi mwake mwenyewe, bila kitambaa. Mikono ikajirusha yenyewe, maji yakamwagika, moto ukazimika kwa kishindo.

Hilda akamshika viganja vile vyekundu, akavipuliza. "Pole, mama. Inauma?"

Loisi alikuwa analia. Aliona aibu kulijibu swali lile mbele ya mtu huyu.

"Inauma, mwanangu," akasema. "Inauma sana."