Fundo la Mwalimu Eliezeri

Tuanze na ile nyumba, maana bila nyumba ile Bahati angekuwa hai. Ilijengwa mwaka wa sabini na nne kwenye shamba la mkonge lililo chini ya milima, njia ya kutoka Maore kwenda Ndungu, miaka kadhaa baada ya serikali kulichukua shamba kutoka kwa wenyewe wa zamani. Kazi yake ilikuwa kukausha katani wakati wa mvua. Boila ya mafuta ilipeleka mvuke kwenye mabomba ya chini ya sakafu, sanduku la ukutani likapima joto, na joto likizidi madirisha ya bati yalifunguka yenyewe. Likipungua, yakajifunga. Watu waliteremka kutoka Gonja kwa miguu kuja kutazama madirisha yasiyoguswa na mtu. Wengine walicheka, wengine waliondoka bila kuaga.

Mafundi wa ng'ambo waliofunga mitambo ile walikaa miezi sita, wakamfundisha mtu mmoja, wakapanda meli wakaenda zao. Mtu huyo ni Eliezeri, Mpare wa Gonja, mwenye miaka hamsini na mbili na hasira za karibu. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakuwa nacho, kilibaki kwenye mashine ya kusaga mkonge tangu ujana wake. Akaambiwa: haya, sasa na wewe fundisha. Akapewa vijana sita, wanne kati yao hawakuwahi kushika hata spana.

Aliwafundisha kweli, jamani, tusimnyime haki yake. Alikuwa na kanuni mbili, na ukikosea moja anakufokea mpaka mate yanakurukia. Ya kwanza ilikuwa kengele. Ndani ya boila huelea boya. Maji yakipungua boya linashuka, na mkono wa chuma ulio nje unashuka nalo, kengele inalia na moto unazimika wenyewe. "Huu mkono ndio mlinzi wenu," alisema. "Bila maji boila inapasuka, na ikipasuka haichagui. Atakayeufunga mkono huu nitamfukuza kabla hajamaliza kunieleza sababu." Kila zamu ikianza, anayeingia alitakiwa kupunguza maji mpaka kengele ilie, aisikie kwa masikio yake.

Kanuni ya pili ilikuwa daftari la zamu. "Kilichoandikwa kimetokea, kisichoandikwa hakikutokea. Msije mkaniletea habari za mdomo." Kila kijana aliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mkono wake.

Aliyeyashika kuliko wote ni Parsimei, kijana wa wafugaji wa huko mbugani, mrefu, mpole, Kiswahili chake bado kina Kimasai ndani. Baba yake alikataa katakata, akisema mtoto anayechunga chuma hawezi kuchunga ng'ombe. Ni mama yake, Noonkipa, aliyembishia mumewe na kumleta mwanawe kwa miguu hadi getini. Eliezeri alimpenda kijana huyu na hakuficha. Aliwaambia wenzake mchana kweupe kwamba mwaka ukiisha Parsimei ndiye atakayekuwa msaidizi wake, na anayenuna anune.

Sasa, maji ya kule chini yana chumvi. Chumvi iliganda kwenye boya, mkono ukawa unashuka hata maji yakiwa tele, moto unazimika, kazi inasimama. Wiki moja ilikuwa mara nne. Eliezeri alimwomba meneja siku mbili za kufungua boila na kuisafisha. Meneja akasema lengo la mwezi halijafikiwa, na Alhamisi kuna wageni wa mkoa.

"Na hiyo kengele yako, Eliezeri," akaongeza, "ikitulilia mbele ya wageni tutaonekana wajinga. Fanya ujuavyo."

Alhamisi asubuhi Eliezeri akafanya alivyojua. Alichukua uzi wa katani, akaufunga mkono wa chuma ili usishuke. Aliufunga kwa fundo lake, lile la kuzungusha mara mbili kinyume, maana mtu asiye na kidole gumba cha kushoto hafungi kama watu wengine. Vijana walizoea kumtania, wakikuta kitu kimefungwa hivyo wanasema, "Mwalimu kapita hapa." Kisha akafungua daftari akaandika: Saa mbili. Kengele imejaribiwa. Inalia. Alidanganya. Tuseme wazi, alidanganya kwa mwandiko mzuri.

Wageni wakaja, madirisha yakafunguka, wakapiga makofi. Wakafurahi mno hata wakataka kumchukua Eliezeri kwenye Landrova yao mpaka Same, akaonyeshwe mkutanoni kama mfano wa kujitegemea. Akapanda. Huko akalishwa pilau, akasimamishwa, akapigiwa makofi tena. Mtu angependa kusema kwamba alisahau. Hakusahau! Alikumbuka katikati ya pilau, kijiko kikiwa njiani, akasema moyoni, ah, zamu ni ya Parsimei, haiharibiki kitu. Akaendelea kula.

Saa kumi boila ikapasuka. Ukuta wa upande ule ulimwangukia Bahati, mtu wa Kasulu aliyekuwa akitandaza katani, na mvuke ukammalizia. Hakufika hata getini. Parsimei aliungua mikono yote miwili kwa kumvuta kutoka kwenye kifusi.

Landrova ilipomrudisha Eliezeri, alikuta umati, na mgambo ameshika kile kipande cha mtambo. Mkono wa chuma ulikuwa umepinda, uzi wa katani bado upo, fundo halijalegea.

"Nani kafunga hii?" mgambo akauliza.

Eliezeri akamtazama meneja. Meneja akamtazama Eliezeri.

"Zamu ilikuwa ya nani?" meneja akasema mwishowe.

Mgambo akaufungua uzi, akautia kwenye bahasha. Kesho yake Eliezeri alitakiwa kuandika maelezo, naye akaandika kwamba saa mbili aliijaribu kengele na ilikuwa nzima. Kwa nini? Aliogopa, basi. Neno uhujumu lilikwisha kutamkwa pale kiwandani, na miaka ile ukitajwa mhujumu hata ndugu zako hawakujui.

Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaenda Same hospitalini. Parsimei alikuwa kitandani, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, polisi mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Eliezeri hakuweza kukaa. "Parsimei, ile kamba uliiona?"

"Niliiona. Nilipopunguza maji kengele haikulia, nikatazama, nikaiona."

"Mbona hukuikata, mwanangu? Mbona hukuikata?"

Kijana alishangaa kuulizwa. "Fundo lilikuwa lako," alisema. "Nikajua Mwalimu ana sababu yake. Mimi nani nifungue ulichofunga? Nikasema basi, kazi ya kengele nitaifanya mimi. Nilikaa mbele ya kioo cha maji, sikutoka hata kwenda haja."

Kioo cha maji! Kioo nacho kilikuwa na chumvi, kimeganda mstari mweupe pale pale maji yanapotakiwa kuonekana. Kijana alikodolea chumvi tangu zamu yake ilipoanza saa nane akidhani ni maji, na ndani ya boila maji yakaisha.

"Na kwenye daftari uliandika nini?"

"Sikutaka kukuandika vibaya." Parsimei akashusha sauti kwa ajili ya polisi. "Niliandika: Kengele iko kama alivyoiacha Mwalimu."

Eliezeri alitoka nje akaegemea ukuta. Aliona maneno yote mawili yakiwa yamekaa kwenye ukurasa mmoja: la kwake, inalia, na la kijana chini yake, iko kama alivyoiacha. Nani atakayeyasoma hayo asimfunge kijana?

Kamati ilikaa siku ya tisa, Same, ofisini. Eliezeri alisimama kabla hajaitwa. Alisema yote, bila kujipaka mafuta: chumvi, meneja, wageni, uzi, pilau. Alisema, "Mimi ndiye niliyefunga. Kijana hana kosa. Nifungeni mimi."

Meneja akasema hakumbuki mazungumzo ya namna hiyo. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akalivuta daftari.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeandika kengele inalia. Na maelezo haya ya siku ya pili, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini nilidanganya, Ndugu Mwenyekiti."

"Ulidanganya lini, Mwalimu? Siku ile au leo?" Akageuza kurasa mpaka ya kwanza, akasoma taratibu. "Kilichoandikwa kimetokea. Vijana wako wote sita wameyaandika haya. Wanasema ni maneno yako."

Eliezeri akaomba aletewe kamba. Fundo litamtetea mtoto, alisema, watu wote kiwandani wanalijua fundo lake. Bahasha ikafunguliwa. Ukatoka uzi wa katani, umenyooka, hauna fundo. Akaushika akaufunga mbele yao kwa vidole vyake tisa, jasho likimtiririka, akawaonyesha.

"Tunaelewa huruma yako," mwenyekiti alisema. "Wewe ni mwalimu mwema. Na taifa limekutangaza mfano, usijichafue kwa ajili ya mtu mmoja." Kisha akamgeukia Parsimei. "Wewe sema. Ni kweli mwalimu wako ndiye aliyefunga?"

Sema, mwanangu, Eliezeri alilia moyoni. Sema mara hii tu.

Parsimei alimtazama mwalimu wake, mzee mzima aliyesimama mbele za watu ameshika uzi, na aibu ikamjaa kijana kwa niaba yake. Akainamisha kichwa.

"Mwalimu wangu alinifundisha nisifunge," akasema.

Ikaandikwa hivyo, ikahesabiwa kuwa amekiri. Miezi miwili baadaye hakimu akampa kijana miaka saba jela.

Siku ya hukumu Noonkipa alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akamvuta Eliezeri mkono wa shati. "Wanasema nini?"

Akamwambia. Akamwambia pia kwamba yeye ndiye aliyefunga, na kwamba alisema.

"Ulisema lini?"

"Siku ya tisa, mama."

Noonkipa alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka tisa. Akaondoka.

Eliezeri aliandika barua ya kuacha kazi, ikarudishwa. Hakuna mwingine anayeijua kazi ile, walimwambia. Boila mpya ikaja, ukuta ukajengwa, na vijana sita wapya wakaletwa, mmoja wao binti wa Ndungu aitwaye Rahabu, mwerevu, mwenye macho yasiyotulia.

Siku ya kwanza hakuwasomea kanuni. Aliufunga mkono wa chuma kwa uzi wa katani, mbele ya macho yao, kwa fundo lake. Akaweka kisu juu ya meza.

"Kamba hii inaua," alisema. "Imefungwa na mimi, na nimekosea. Akate mmoja wenu."

Wakatazamana. Wakatazama chini.

"Kateni! Nimewaambia mimi mwenyewe nimekosea!"

Rahabu alisogea hatua moja, akakitazama kisu, akautazama mkono ule usio na kidole gumba. Kisha akarudi nyuma, mikono mgongoni, kwa adabu.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Tunangoja uifungue wewe."