Seli Zisizongoja Kuitwa

Tangu alipougua, mshona mapazia alibaki na seli T chache mno. Seli hizo, alielezwa, ndizo huziamsha seli B zitengeneze kingamwili, silaha za damu dhidi ya vijidudu. Homa ya mapafu ilikuwa imeshamlaza zaidi ya mara moja, na binti mdogo wa kaka yake, ambaye pua haimkauki, alimsalimia shangazi yake kupitia kioo cha dirisha tu.

Kwa hiyo alipoitwa kuchanjwa, alicheka.

"Mnachanja gunia tupu," alimwambia wifi yake, mama wa mtoto huyo na fundi wa maabara katika hospitali hiyohiyo.

"Gunia lako lina mengi usiyoyajua. Chanjo hii ni ganda la sukari la bakteria wa mapafu. Umbo moja linajirudia, linajirudia, kama shanga kwenye uzi. Seli B ikinaswa na uzi huo sehemu nyingi kwa mpigo, inashtuka yenyewe. Haingoji kuitwa, na kingamwili zake ni kubwa, kama nyota za mikono mitano."

"Inashtukia wapi?"

"Nyingi ziko kwenye wengu. Hapo kushoto, chini ya mbavu."

"Na zisiposhtuka?"

"Nitakupikia mwezi mzima."

"Kwa mapishi yako, wifi? Bora homa ya mapafu!"

Alasiri mkono uliochomwa ulianza kuwaka. Alijilaza juu ya vitambaa vya kazi, kiganja kikiwa chini ya mbavu za kushoto, na usingizi wa mang'amung'amu ukamchukua. Akajiona katika nyumba ya mapazia mekundu yanayopumua taratibu. Wanawake wamesinzia milangoni, wakimngoja mtu wa kuwaamsha. Mtu huyo hakuja. Ukapita uzi mrefu wa shanga za namna moja, ukawagusa viganja vyote kwa pamoja, nao wakafumbua macho. Wala hawakuulizana. Wakaanza kushona, haraka haraka, vitu vikubwa vyenye mikono mitano, wakaviachia vielee kwenye wekundu ule. Alitaka kuwashukuru, sauti ikagoma. Alipoamka shavu lake lilikuwa limelowa.

Wiki kadhaa baadaye, damu yake ilipokwisha kupimwa, wifi aliingia bila kubisha hodi.

"Kingamwili zimepanda! Si nyingi kama za mtu mwenye afya, ila zimepanda."

"Zitakaa?"

Wifi alivuta kiti. "Nisikudanganye. Zinazokuja bila msaada wa seli T huwa hazidumu sana, na mwili hauweki kumbukumbu nzuri. Tena ni za bakteria hao tu. Utachanjwa tena baadaye."

Mshona mapazia alilainisha pindo kwa kidole gumba. Alitamani habari kubwa kuliko hiyo. Kisha akasema, "Niletee yule mwanangu wa dirishani."

"Acha kwanza kamasi zikauke."

Zilipokauka, mtoto aliletwa. Alisimama mlangoni akiona haya, kana kwamba shangazi bila kioo ni mtu mwingine. Akamsogelea, akagusa uso wake, akapanda mapajani.

"Shangazi, una joto, si kama kioo," alisema, akasinzia papo hapo.