Blenda Inayoingia Kikombeni

Siku Mama alipofariki, karoti zilikuwa tayari na viazi vilikuwa bado jikoni. Jirani ndiye aliyesikia harufu ya kuungua. Alibisha hodi, hakujibiwa, akaingia mwenyewe, akamkuta Mama amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, mwiko bado mkononi, kama mtu aliyeona apumzike kidogo kabla ya kuendelea. Mezani vilikuwa vimepangwa vikombe vinne vidogo. Kimoja kilikuwa na karoti zilizopondwa hadi zikalainika kabisa, kimefunikwa kisosi zisipoe. Vitatu vilikuwa vitupu. Na hapo hapo mezani Baba alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kitambaa kifuani, akimtazama Mama. Kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache hayakutoka. Amekaa hivyo kwa muda gani, hakuna anayejua.

Jirani alizima jiko, akampigia simu binti yao kitindamimba.

Kitindamimba alikuwa na miaka arobaini na moja, fundi cherehani mwenye wateja wake, lakini katika ile familia hakuna aliyewahi kumwita jina lingine. Watu walikuja, wakalia, wakapika, wakaosha sufuria, wakaondoka. Kaka mkubwa, anayekaa mbali, alikuja siku tatu, akarudi kazini. Alipokuwa anafunga zipu ya begi lake alisema, "Wewe ndiye uliye karibu," na hilo likawa ndilo lililoamuliwa. Wiki hiyo hiyo kitindamimba akahamishia cherehani yake sebuleni kwa wazazi, karibu na dirisha.

Hapo ndipo alipoanza kuona kazi ambayo miaka sita, tangu Baba apate kiharusi, hakuiona.

Baba hakuweza kutafuna, na kumeza kulimpa taabu. Kila alichokula, Mama alikiponda kwa mwiko juu ya chujio la waya, akakipitisha taratibu mpaka kisibaki na nyuzi wala ganda. Mara tatu kwa siku. Watoto walipokuja Jumapili walikuta vyombo vimeshaoshwa, Baba ameshafutwa mdomo, Mama anawapakulia wao. Wakimwambia naye akae ale, alijibu jibu moja tu, "Nimeshakula na baba yenu." Wao wakacheka. Kaka mkubwa alizoea kusema Mama anakula hewa na mvuke wa sufuria.

Na Mama alikuwa amemwahidi Baba jambo. Mara ya kwanza alipougua, hospitali walimwekea mrija wa kulishia puani. Baba akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena, mwishowe wakamfunga mikono kitandani kwa bandeji. Siku alipotoka, Mama alimwambia mbele ya watoto wote, "Hawatakufunga tena. Nikiwa hai au sipo." Kauli hiyo kitindamimba aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka.

Kaka mkubwa alituma blenda. Ilikuja kwenye boksi kubwa kama la televisheni, jagi la kioo lenye ujazo wa kulisha harusi. Akapiga simu kuhakikisha imefika.

"Hiyo ni ya hotelini hiyo! Inasaga hata mawe."

"Baba hali mawe, kaka."

"Wewe jaribu kwanza. Usianze maneno."

Akajaribu. Lakini lile jagi halikutaka kidogo. Ukiweka chakula cha mtu mmoja, visu vinazunguka chini vyenyewe na chakula kinabaki kimenata ukutani. Ikambidi aweke kila kitu pamoja, viazi, maharage, karoti na kipande cha kuku, aongeze maji, ndipo ikakubali. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya saruji mbichi. Baba akatazama bakuli, akamtazama yeye, akafunga mdomo kama mtu anayefunga duka.

"Baba, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu."

Duka halikufunguliwa. Siku zikawa hivyo, vijiko viwili leo, kimoja kesho, vingine vinaishia kifuani. Kitindamimba alijikaza kisabuni mchana, akishona na kusikiliza kama anakohoa. Kwenye kliniki nesi alimpima Baba, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Kilo nne zimekwenda, dada."

"Naona."

"Mrudishe baada ya wiki mbili. Zikipungua tena, daktari atasema mrija. Najua hampendi, lakini hatuwezi kumwacha afe njaa."

Baba alikuwa anasikia. Mkono wake mzima ukashika tairi ya kiti na haukuachia mpaka walipofika nyumbani.

Kesho yake kitindamimba alishusha chujio la Mama kutoka kwenye msumari. Katikati, waya ulikuwa umelegea na kubonyea, pale mwiko ulipopita miaka yote hiyo. Akachemsha karoti, akaanza kuponda. Mabakuli yote yalikuwa kwenye sinki na hakuwa na nguvu ya kuosha, basi akachukua kimoja cha vile vikombe vidogo rafuni, akamimina humo. Alipokisogeza, Baba alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Kitindamimba alisimama na kijiko hewani kama aliyeitwa jina. Vikombe vinne, vile jirani alivyovikuta mezani siku ile. Miaka yote walidhani Mama aliviweka kwa ajili ya kahawa ya wageni. Kumbe Mama hakuwahi kumchanganyia Baba chakula. Karoti zilikuwa karoti na viazi vilikuwa viazi, kila kimoja na kikombe chake, ili mtu ambaye hatafuni angalau ajue anakula nini.

Lakini kujua siyo kuweza. Asubuhi nzima ilikwisha kwa vikombe viwili. Kidole gumba chake, ambacho mkasi ulikuwa umeshakimaliza, kilivimba. Na kwenye maharage ganda moja likampita, Baba akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka, yeye akimpigapiga mgongo na kusema "toa, Baba, toa," roho iko mkononi. Lilipotoka, alimfuta Baba mdomo na machozi.

Mchana alikuja mteja wake, mpishi wa bweni la shule, kujaribu gauni. Akauona mkono uliovimba, akauliza, akaambiwa.

"Sasa unajitesa nini? Lile jini lenu la jagi rudisheni mlikolitoa. Wewe unahitaji blenda ya mkono. Ni fimbo tu, ina visu mguuni. Unaichomeka kwenye chombo chenyewe, unabonyeza, basi. Hebu angalia hapa kwapani, umenibana."

"Wewe ndiye umenenepa."

"Nimepika, lazima nionje!"

Keshoye kitindamimba alimwacha Baba na jirani, akaenda dukani. Kwenye mkoba, ndani ya kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mpishi, alifungasha kikombe kimoja. Ni duka la vyombo vya umeme, la kawaida, pasi na feni zimepangwa mpaka dari. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Karibu, dada."

"Ahsante. Natafuta blenda ya mkono." Akakifungua kikombe, akakiweka juu ya kaunta.

Muuzaji akakitupia jicho. "Chai hatuuzi hapa."

"Nataka inayoingia humu."

"Humu?" Akakiinua, akakigeuza. "Dada yangu, watu huchagua kwa nguvu ya mota. Wewe unachagua kwa kikombe?"

"Ndiyo."

"Haya. Leo nimeona." Akateremsha boksi la kwanza, lenye picha ya mwanamke anayecheka na keki. "Hii ndiyo inayochukuliwa sana. Ina kifaa cha kupigia mayai, ina kibakuli cha kukatia vitunguu, ina mwendo wa aina tano…"

"Kikombeni inaingia?"

Haikuingia. Ile kofia ya chuma inayofunika visu ilikaa juu ya kikombe kama kofia ya mzee kichwani kwa mtoto mchanga.

Ya pili iliingia kwa kulazimisha, chuma kikikwaruza ukingo, lakini ilikuwa nzito, na swichi yake ilitaka kidole gumba peke yake. Kitindamimba akaishika hewani, akabonyeza, akahesabu. Kufika ishirini kidole kilikuwa kinatetemeka.

"Hii ni kubeba tofali."

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo!"

Ya tatu ilikuwa nyepesi, mguu wake wa plastiki, na iliingia. Muuzaji akapumua. Lakini kitindamimba aliigeuza, akaichungulia mguuni kama anavyochungulia chini ya sindano ya cherehani, akapitisha ukucha kwenye ufa ulio kati ya mguu na mwili.

"Hii haifunguki?"

"Haifunguki. Unasuuza tu."

"Chakula kitabaki hapa. Kitachacha, na nitampa tena."

Muuzaji akaiweka chini. "Mwenzangu, huko kwako wanakupenda kweli?"

"Wananivumilia."

"Na mimi nakuvumilia. Kwani mtoto ana umri gani?"

"Ana miaka sabini na nane."

Muuzaji aliyekuwa anafunga boksi akaacha kulifunga. "Hamezi vizuri?"

"Kwa shida. Na akichanganyiwa hali."

"Nani alikuwa anampikia?"

"Mama." Akakizungusha kikombe juu ya kaunta, mara moja, mshikio wake ukielekea upande wa pili. "Ametangulia. Wiki ya sita hii."

"Pole, mwanangu," akasema muuzaji. Hakumwita tena dada. Akavaa miwani yake, akaingia ndani, huko maboksi yalisikika yakisukumwa na kuburuzwa, akarudi na moja lenye vumbi, kona moja imebonyea.

"Hii imekaa sana. Watu hawaitaki, ina mwendo mmoja tu na haina kifaa cha ziada hata kimoja. Hebu tuone."

Ilikuwa fupi, mguu wa chuma mwembamba unaofunguka kwa kuuzungusha. Swichi ilikuwa bapa, ndefu, ya kubana kwa vidole vyote kama unavyokamua nguo. Muuzaji akatia maji kikombeni, akachomeka waya ukutani. Mguu ukaingia, ukabakisha nafasi ya kidole kila upande. Kitindamimba akabana. Maji yakazunguka na hayakumwagika. Akainamisha sikio, akaisikiliza mota kwa muda mrefu; haikuwa na mkwaruzo, ilivuma tu kwa sauti ya chini.

"Dakika moja, halafu uipumzishe," muuzaji akasema. "Ukiikaza zaidi inachoka."

"Basi tutaelewana."

Muuzaji akacheka kidogo, akalifuta boksi vumbi kwa khanga yake, lote, hata chini.

Saa saba mchana kitindamimba alikuwa amechemsha karoti, maharage, kuku na viazi, kila kimoja sufuria yake. Akavipanga vikombe vinne mezani mbele ya Baba. Kwenye karoti akasahau, akanyanyua blenda juu ikiwa bado inazunguka, na karoti zikaruka: kwenye ukuta, kwenye saa, kwenye paji la uso wake. Baba akatoa sauti. Kitindamimba alidhani amepaliwa, akageuka mbio. Baba alikuwa anacheka, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja.

"Cheka tu. Ukuta utausafisha wewe."

Kisha akatulia, akafanya kama alivyoambiwa, dakika moja, apumzike, dakika moja. Alipitisha kila kikombe kwenye ulimi wake kabla ya kumpa, akitafuta ganda. Hakukuwa na ganda. Baba alikula karoti zote. Akala maharage, polepole, bila kukohoa. Akala kuku, akalamba kijiko. Ulipofika wakati wa viazi, akafunga mdomo.

Kitindamimba akashusha kijiko. Akaona mizani, akaona mrija na bandeji. "Baba, kimebaki kimoja. Usinifanyie hivyo, tulikuwa tunakwenda vizuri."

Baba akanyanyua mkono wake mzima, akakisukuma kikombe taratibu juu ya meza, kikaja mpaka kwake.

"Chako," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba.

"Mimi nitakula baadaye. Kula wewe."

"Chako." Akakisukuma tena, akaelekeza kidole kwenye kigoda cha Mama, kile kilichosogezwa pembeni ya kabati tangu siku ile na ambacho hakuna aliyekikalia.

Kitindamimba alikitazama kigoda. *Nimeshakula na baba yenu.* Jumapili zote hizo, Mama akisema kweli tupu, na wao wakimcheka. Kile cha nne hakikuwa cha Baba. Mwanamke mwenye meno yake yote alikuwa akikaa hapo, akila chakula kilichopondwa, ili mumewe asile peke yake.

Akakivuta kigoda, akakaa. Viazi vilikuwa vimeanza kupoa, na chumvi alikuwa amesahau. Alikula kwa kijiko kile kile kidogo, machozi yakimtiririka, naye Baba akimtazama mpaka alipomaliza, kama mtu anayehakikisha.

Wiki mbili zilipotimia walirudi kliniki. Uzito ulikuwa ule ule, haukupungua. Nesi akaandika kwenye kadi, akawaambia waje mwezi ujao, na habari ya mrija hakuitaja.

Sasa kitindamimba anasaga mara tatu kwa siku. Vikombe vitatu vya Baba, kimoja chake. Umeme ukikatika, anashusha chujio la Mama kwenye msumari, na siku hiyo wanakula wamechelewa.