Radhi ya Mzee Sadala

Hemedy wa benki alikwenda mazikoni Ruaruke kwa sababu asingekwenda, watu wangeuliza. Akasimama nyuma kabisa, penye pikipiki, kanzu imepigwa pasi ikanyooka. Ndiye huyuhuyu aliyemwambia marehemu, Mzee Sadala, siku hela za korosho zilipoingia: "Tia dole hapa, na hapa, na hapa tena." Mzee hakujua kusoma. Dole la mwisho ndilo lililoezeka nyumba ya Hemedy kule Kibiti.

Mzee alirudi kulalamika kwamba hela zimepungua. Hemedy akamjibu mbele ya foleni nzima, kwa ule upole wake wa kukera: "Babu, ulichukua mwenyewe. Umri huo, unasahau." Watu wakacheka. Mzee alinung'unika siku kadhaa, mwishowe akaamini kuwa akili zake zimeanza kumtoka. Tangu hapo hakushika tena hela, hata ya chumvi. Zote alimpa mkewe, Tatu.

Sasa jeneza lilikuwa limewekwa uani. Mwanawe, Abdulazizi, akauliza kama inavyoulizwa siku zote: "Jamani, anayemdai marehemu ajitokeze, tumalizane kabla hatujamsitiri."

Hakujitokeza mtu.

"Deni moja tunalijua wenyewe," akaendelea. "Baba alimdhania vibaya Hemedy wa benki, akamwita mwizi. Kabla hajakata roho katuusia tumwombee radhi. Kaka Hemedy, upo?"

Vichwa vyote vikageuka. Aibu ilimpanda Hemedy mpaka masikio yakamwaka moto. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mzee hakukosea, mwizi ni mimi. Machache tu, hata mtoto angeyasema. Lakini akaikumbuka kazi yake, akaziona pingu, akayaona yale mabati mapya.

"Nimemsamehe," akasema.

"Mungu atakulipa," watu wakaitikia.

"Na anayedaiwa na marehemu, naye aseme," Abdulazizi akamalizia.

Hemedy akatazama ndala zake.

Wakamvuta kwa heshima, wakampisha ashike mbele ya jeneza. Mzee alikuwa mwepesi mno. Hawajafika hata njiani, Hemedy akaangua kilio, kilio cha mtu mzima kisichozuilika, kamasi zikamdondoka kwenye kanzu.

"Mnamwona?" mtu mmoja akanong'ona nyuma yake. "Ametukanwa, na bado anamlilia. Kijana ana imani huyu."